Nani Amekupa Namba Hii? Matatizo ya Anwani kwenye Mtandao wa Kituo

(Mada iliyosomwa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya wasimamizi wa vituo na watunza kumbukumbu, Bagamoyo. Imefupishwa kidogo.)



Mada tuliyopewa na kamati ilikuwa kubwa: matumizi bora ya kompyuta katika vituo vya dayosisi. Tumeomba ruhusa tuipunguze. Leo tutazungumzia jambo moja tu, nalo ni jinsi seva inavyogawa anwani kwa kompyuta zingine, na mambo yanayotokea inaposhindwa kufanya hivyo. Tumelichagua kwa sababu jambo hili limetugharimu fedha, limechelewesha mishahara ya watumishi, na limetufanya tumkosee mtu asiye na hatia.

Kwanza tuelewane kuhusu anwani yenyewe. Kila kompyuta, printa au simu inayoingia kwenye mtandao inahitaji namba ya kuitambulisha, kwa mfano 192.168.10.25. Bila namba hiyo haiwezi kupeleka wala kupokea kitu, hata kama waya umechomekwa vizuri na taa zinawaka. Zamani fundi alipita akiandika namba kwa mkono kwenye kila mashine. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na seva kwa utaratibu unaoitwa DHCP, ambao kanuni zake tunazozitumia mpaka leo zilichapishwa mwaka 1997.

Chukueni mfano wa gesti yoyote hapa mjini. Mgeni anashuka kwenye basi usiku, anabisha hodi na kuuliza, jamani, kuna anayegawa vyumba hapa? Mhudumu wa mapokezi anajibu, kipo chumba namba 25. Mgeni anasema, basi nakichukua hicho. Mhudumu anaandika kwenye daftari, anampa ufunguo na kumwambia, ni chako hadi kesho kutwa saa 4 asubuhi. Ni kauli nne tu za kupokezana, na kompyuta nayo hupokezana kauli nne za namna hiyo na seva inapoomba anwani mpya. Nusu ya muda ule ikifika, kompyuta hurudi yenyewe mapokezi kuomba iongezewe siku.

Sasa gesti inaweza kuharibikiwa kwa njia tatu. Mhudumu anaweza asiwepo. Vyumba vinaweza kujaa (habari ya Yusufu na Mariamu wote mnaijua). Au wanaweza kuwepo wahudumu wawili, kila mmoja na daftari lake, wasiojuana. Hii ya tatu ndiyo iliyotupata, na ndiyo tutakayoieleza kwa kirefu.

Kituo tunachokizungumzia ni kimoja cha vituo vyetu vya ukanda huu wa pwani. Kina zahanati, darasa la kompyuta la vijana, ofisi ya uhasibu na mradi wa ushonaji wa akina mama. Vyote vimeunganishwa kwenye seva moja iliyoko ofisini, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa na hesabu za kituo, na ambayo pia hugawa anwani zinazoanza na 192.168.10.

Ilianza Jumanne moja. Asubuhi kazi zilikwenda vizuri. Ilipofika saa 7 mchana, kompyuta ya dawa ikasema haioni seva. Baada ya muda na ya mapokezi ikasema hivyohivyo, lakini ya maabara iliyo chumba cha pili ikaendelea kufanya kazi. Kesho yake asubuhi zote zilikuwa nzima. Mchana zikaharibika tena, na safari hii mbili zilikuwa tofauti na zile za jana. Hali hiyo ikaendelea kwa wiki mbili. Muuguzi mfawidhi, ambaye ni mama mwenye busara, alitoa rejista zake za karatasi kabatini na kuendelea kuhudumia wagonjwa. Tunampongeza, maana wengine tulikuwa tumekwisha kusema rejista zile zichomwe. Lakini madai ya bima ya afya yalitakiwa kuandaliwa kwenye kompyuta, nayo yakakwama. Fedha za bima ndizo zinazolipa sehemu ya mishahara ya zahanati. Mwisho wa mwezi ule watumishi walikwenda nyumbani mikono mitupu, na wengine wana watoto shuleni.

Tuliita fundi wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Alikuja, akasema ni virusi, akafuta Windows kwenye kompyuta mbili na kuiweka upya. Zikafanya kazi mbele yetu, tukamlipa. Kesho yake mchana tatizo likarudi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Palikuwa na kijana wa mtaa wa jirani, Mwislamu, aliyekuwa akija kutusaidia jioni baada ya sala ya Alasiri kwa nauli na chai tu. Yeye ndiye aliyeifunga ile seva, na kwa kweli aliifunga vizuri. Wiki chache kabla aliomba aangaliwe posho, nasi ofisi tukajibu kwamba bajeti hairuhusu. Sasa watu wakaunganisha mambo. Wakasema amekasirika, ameweka kitu ndani ya seva. Wakasema, na hata hivyo si mwenzetu. Ndugu zangu, sisi ofisi ya miradi tuliyasikia maneno hayo na hatukuyakemea. Tulimwita, tukamwomba arudishe ufunguo wa chumba cha seva. Aliuweka mezani na kuondoka bila kujibu neno.

Aliyelifumbua fumbo ni dada mhasibu, ambaye hajasomea kompyuta kabisa. Alichofanya ni kukaa kwenye mashine nzima na kwenye mashine mbovu, akanakili namba zake kwenye karatasi na kuziweka pembeni kwa pembeni. Nzima ilisoma 192.168.10.31. Mbovu ilisoma 192.168.1.104. Akatuuliza swali ambalo fundi tuliyemlipa hakuuliza: hii namba ya pili amepewa na nani?

Swali hilo lina jibu, na jibu limo ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows unafungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu unaandika ipconfig /all na kubonyeza Enter. Miongoni mwa mistari mingi itakayojitokeza, upo ulioandikwa DHCP Server, na mbele yake kuna anwani. Hiyo ndiyo anwani ya aliyekupa namba. Kwenye mashine nzima mstari huo ulionyesha seva yetu. Kwenye mbovu ulionyesha 192.168.1.1, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua. Tulipoandika anwani hiyo kwenye programu ya kuperuzi tovuti, ukafunguka ukurasa wa ruta ya Wi-Fi ukiomba nywila.

Basi ilikuwapo ruta mahali fulani ndani ya kituo iliyojifanya mhudumu wa mapokezi. Kuipata ilikuwa kazi ya mikono. Tulikwenda kwenye swichi, tukachomoa waya mmoja mmoja, huku dada mhasibu akiangalia kama ile 192.168.1.1 bado inajibu. Kwenye waya wa tisa ikanyamaza. Waya ule ulikwenda chumba cha mikutano. Nyuma ya pazia, sakafuni, ilikuwepo ruta ndogo nyeupe.

Tuliitambua mara moja, kwa sababu tuliiweka sisi. Miezi michache nyuma tulikuwa na wageni wa mradi waliotaka Wi-Fi, tukaleta ruta kutoka ofisini na kuichomeka haraka kabla ya kikao kuanza. Wageni walipoondoka tuliisahau. Ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na feni, na chumba kikafungwa. Kisha akina mama wa ushonaji wakahamia humo wakati chumba chao kinapigwa plasta. Kila siku, joto lilipozidi, walibonyeza swichi ya ekstensheni ili feni izunguke, na ruta nayo ikaamka. Jioni walizima. Ndiyo maana asubuhi mambo yalikuwa mazuri na mchana mabaya, jambo ambalo wengine walikuwa wameanza kulieleza kwa mambo ya giza, maana pwani yetu mnaijua.

Mtauliza kwa nini kompyuta nyingine zilipona. Kompyuta iliyokwisha kupewa chumba na seva haina haja ya kuuliza tena mpaka nusu ya muda wake. Ile iliyozimwa wakati wa chakula cha mchana na kuwashwa tena ndiyo iliyobisha hodi upya, na kwenye mtandao anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Ruta ile ndogo ilikuwa na mdomo mwepesi kuliko seva.

Kosa letu lilikuwa kwenye tundu la waya. Ruta za aina hii huwa na matundu kadhaa ya rangi moja, na moja la rangi tofauti au lililotengwa, lenye maandishi WAN au Internet. Waya unaotoka kwenye mtandao wa kituo ungeingia kwenye tundu lile lililotengwa, ruta ingegawa anwani kwa simu za wageni wake peke yao na isingewagusa wengine. Sisi tuliuchomeka kwenye moja ya yale ya kawaida, na hapo ruta ikafungua mapokezi yake ndani ya gesti ya watu. Anayetaka kutumia matundu ya kawaida lazima kwanza aingie kwenye ukurasa wa ruta na kuzima DHCP yake.

Pengine mtashangaa kwamba ruta za viwanda mbalimbali nyingi hujipa namba ileile ya 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa mwaka 1996 zitumike ndani ya nyumba na ofisi bila kuomba kibali, ndiyo maana kituo cha Bagamoyo na kituo cha Kerege vinaweza kutumia namba zilezile na visigombane. Anwani za nje, zile za intaneti yenyewe, hazichezewi hivyo. Huku Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005, na fungu kuu la dunia la anwani za aina ya zamani liliisha mwaka 2011. Hata huko juu daftari limeleta ugomvi: mwaka 2021 mahakama ya Mauritius iliagiza akaunti za benki za AFRINIC zizuiwe kwa sababu ya kesi na kampuni moja iliyokuwa imepewa mamilioni ya anwani. Tunalitaja hili kwa kupita tu, ili wale wanaosema kutunza daftari la namba ni kazi ya karani mdogo wafikiri tena.

Turudi vituoni. Tatizo la mhudumu kutokuwepo linatambulika kwa urahisi zaidi. Kompyuta ya Windows ikibisha hodi na kukosa jibu, hujitungia namba yenyewe inayoanza na 169.254. Ukiona namba hiyo, usipoteze muda na virusi. Maana yake ni kwamba mashine imeita na hakuna aliyeitika. Ama njia ya kufika kwenye seva imekatika, ama seva haigawi.

Njia anza nayo. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui ambaye vitabu vya mafundi wa bara havimtaji, nao ni upepo wa chumvi. Vile vichwa vya plastiki vya waya vina vipande vidogo vya shaba ndani, na kwa hewa ya Bagamoyo huota kutu ya kijani. Taa inaweza kuwaka na bado maneno yasipite sawasawa. Badili waya kwa mwingine ulio mzima kabla ya kugusa kitu kingine. Waya wa akiba ni rahisi kuliko fundi.

Njia ikiwa nzima, nenda kwenye seva. Mara nyingi ni umeme. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ndogo huwaka upesi, seva huchelewa. Zinabisha hodi mhudumu akiwa bado anavaa viatu, na zinakata tamaa na kuchukua 169.254. Zenyewe hurudia kuomba baada ya dakika chache, lakini mtumiaji hana subira hiyo. Subiri seva iamke, kisha andika ipconfig /release na baadaye ipconfig /renew, au zima mashine na kuiwasha.

Kama seva imewaka na bado haigawi, angalia mambo haya kwa utaratibu. Seva inayogawa anwani lazima yenyewe iwe na anwani ya kudumu iliyoandikwa kwa mkono. Mhudumu hawezi kupanga chumba kwenye gesti anayoisimamia. Fungu la anwani inazogawa lazima lilingane na anwani yake: seva yenye 192.168.10.2 iliyoelekezwa kugawa 192.168.1 haitagawa kitu, na kwenye Linux programu nyingine hukataa hata kuanza. Tumeona hili baada ya mtu kubadilisha namba ya seva bila kubadilisha fungu. Seva za Windows zilizo ndani ya Active Directory hazigawi mpaka ziidhinishwe. Na vituo viwili vyetu bado vinatumia programu ya zamani ya ISC DHCP, ambayo waliotengeneza waliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2022. Itaendelea kufanya kazi, lakini tupange kuhamia Kea, mrithi wake.

Kuna moja lililotuhangaisha siku tatu, na tunalisema ili lisiwahangaishe ninyi. Betri ndogo ya saa ndani ya seva, ile ya mviringo kama sarafu, ilikuwa imekufa. Umeme uliporudi, seva ikaamka ikiamini tuko miaka mingi nyuma. Ikafungua daftari lake, ikaona kila mgeni amepanga hadi tarehe ambayo bado iko mbali sana, ikahitimisha kwamba vyumba vyote vina watu. Waliokuwamo waliendelea, wapya wote wakakataliwa. Angalieni tarehe ya seva kila umeme unaporudi. Betri hiyo inauzwa hata kwenye maduka ya saa.

Hiyo inatuleta kwenye gesti kujaa kweli. Fungu linaloanzia .100 hadi .150 lina anwani 51. Zamani zilitosha. Leo kila mwanafunzi wa darasa la kompyuta ana simu mfukoni, na siku ya semina ya vijana wa kipaimara wanaingia wengine na wazazi wao. Windows Server usipoielekeza vingine humpa kila mgeni siku 8. Yaani mzazi aliyekuja kwa saa 2 anaondoka na ufunguo wa wiki nzima. Tena simu za Android kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, na za iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, huficha utambulisho wao halisi kwenye Wi-Fi, kwa hiyo simu moja iliyofutwa na kuunganishwa upya inaweza kuhesabiwa wageni wawili. Dawa yake ni kupanua fungu na kufupisha muda wa simu za wageni uwe saa moja au mbili. Mashine za ofisi ziachwe na muda mrefu. Printa na kompyuta ya dawa ziwekewe chumba chao cha kudumu kwenye seva. Msiandike namba ya printa kwa mkono katikati ya fungu linalogawiwa, maana siku moja seva itampa mwingine namba hiyohiyo na wote wawili watanyamaza.

Pia tutofautishe mtandao wa ndani na intaneti. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota nchi nzima. Vituo vingi vilitupigia simu kwamba seva imekufa. Seva zilikuwa nzima na anwani zilikuwa sahihi. Zahanati zingeweza kuendelea kuandikisha wagonjwa. Baadhi zilizima kila kitu na kusubiri.

Mtataka kujua habari za yule kijana. Tulipoipata ruta, tulikwenda nyumbani kwao siku ileile, sisi pamoja na mwinjilisti wa mtaa. Tulimkuta babu yake barazani. Alitukaribisha, akaagiza kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho. Tulieleza yote, pamoja na kwamba ruta ilikuwa yetu. Alisema ametusamehe, na mjukuu wake naye akasema hivyo. Lakini alikuwa amekwisha kupata kazi Tegeta, na hakurudi. Tukimpigia simu anajibu. Lile la betri ya saa, yeye ndiye aliyetuambia.

Muda wetu umekwisha. Kwenye bahasha zenu mtakuta ukurasa mmoja wenye mistari mitupu. Kila kituo kijaze anwani ya seva yake, fungu inalogawa, muda wa kupanga, na kila kifaa chenye namba ya kudumu. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa chumba cha seva, nyingine ije ofisini kwetu. Na tunajua wengine mmekuja na ruta mlizopewa na wafadhili, kama tulivyoomba kwenye barua ya mwaliko. Zileteni pale mezani kabla ya chai, tuzifungue moja moja na kuona ni tundu lipi.